Gitaa la kupakatwa lililofanana na kikaango

WAPENZI wa nyimbo za kikantri, na ni wengi humu nchini, wanaijua vyema ile sauti ya gitaa inayoteleza na kulia kama mtu anayeomboleza. Sauti hiyo haitoki kwenye gitaa la kukumbatiwa kifuani, bali la kulazwa mapajani au mbele ya mpigaji. Wasiojua wengi ni kwamba gitaa la kwanza la umeme kupata soko lilikuwa la aina hiyo, na mfano wake ulichongwa kwa mkono.

Upigaji wenyewe ulianzia Hawaii. Joseph Kekuku, angali mwanafunzi mwishoni mwa karne ya 19, ndiye anayesifiwa zaidi kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi. Baada ya maonyesho makubwa ya San Francisco mwaka wa 1915, Wamarekani walishikwa na homa ya muziki huo.

Lakini katika kumbi za dansi gitaa lilimezwa na tarumbeta na ngoma. George Beauchamp, mpigaji wa Los Angeles, akaamua kulitafutia dawa. Mwaka wa 1931, fundi Harry Watson alichukua kipande kimoja cha mti, akakichonga kwa tupa na vifaa vidogo vya mkono hadi kikawa na kichwa kidogo cha mviringo na shingo ndefu. Watu walipokiona walikiita kikaango, na ukweli ni kwamba kilikosa mayai tu!

Ndani yake hamna uvungu kama wa gitaa la kawaida. Kazi ya kukuza sauti imeachiwa umeme: sumaku mbili zenye umbo la kiatu cha farasi zimezizunguka nyuzi, na chini yake kuna waya mwembamba uliosokotwa mara nyingi. Uzi ukitetema, umeme kidogo huzaliwa katika waya huo na kwenda kwenye amplifaya.

Nyuzi zimeinuliwa mbali na shingo, hata chuma cha mkono wa kushoto hakigusi chini. Ile mistari ya shingoni, basi, ni ya kuongoza macho tu. Hapo ndipo wanafunzi wengi hutokwa jasho, maana chuma kikipita alama kidogo tu sauti inapotoka, wala hakuna cha kuirekebisha. Anayeweza, hata hivyo, huipandisha na kuishusha bila kukatika, kama mwimbaji.

Beauchamp na mwenzake Adolph Rickenbacker walianza kuuza mwaka wa 1932, lakini badala ya mti wakatumia aluminiamu ya kumimina. Naona hapo kiwanda kilishinda sikio, kwani madini hayo yakipata joto la taa za jukwaani hutanuka, na nyuzi zikaacha kupatana.

Haki ya uvumbuzi nayo iliwasumbua. Maofisa walitilia shaka iwapo chombo kile kinafanya kazi, ikabidi wapigaji watumwe Washington kukipiga mbele yao. Hati ilitolewa Agosti 10, 1937. Kufikia siku hiyo Gibson na wengine walikuwa wakiuza magitaa yao ya umeme. Beauchamp alifariki mwaka wa 1941.