Pauni Nne kwa Wiki

Aprili 2013, mtu mzima asiye na kazi nchini Uingereza aliongezewa peni 70 kwa wiki. Posho yake ilitoka pauni 71.00 ikawa pauni 71.70, nyongeza ya asilimia 1. Mwezi huohuo, katika sehemu nyingi za England, halmashauri yake ilimwandikia kumtaka alipe sehemu ya kodi ambayo hadi Machi alikuwa amesamehewa yote. Mahali ambapo kodi ya mwaka ilikuwa pauni 1,000 na halmashauri imeamua kila kaya ichangie asilimia 20, mtu huyo alidaiwa pauni 200, yaani karibu pauni 4 kwa wiki. Peni 70 zinaingia, pauni 4 zinatoka. Na bado hajanunua chakula, umeme, wala nauli ya kwenda kuomba kazi.

Kodi hiyo ya halmashauri hulipwa na anayeishi ndani ya nyumba, awe mwenyewe au mpangaji, na fedha zake husaidia kuzoa taka, kutunza wazee na walemavu, kuendesha maktaba na kukarabati barabara za mitaa. Msomaji wa Tanzania hatashangaa sana: tangu kodi ya majengo ihamishiwe kwenye LUKU mwaka 2021, mpangaji anayenunua umeme ndiye anayekatwa kwanza, hata kama sheria inamtaja mwenye jengo.

Kodi ya England ilianza 1993. Nyumba ziligawanywa katika madaraja 8, kuanzia A hadi H, kwa bei ambayo zingeuzwa tarehe 1 Aprili 1991, na mpaka leo bei hizo hazijafanyiwa tathmini mpya. Nyumba iliyozidi pauni 320,000 kwa bei za wakati huo hulipiwa mara 3 tu ya ile isiyozidi pauni 40,000. Thamani ni mara 8 au zaidi, kodi ni mara 3. Kwa mpango kama huo, mwenye kipato kidogo lazima atoe fungu kubwa zaidi la alichonacho kuliko tajiri. Ndiyo maana kodi ilikwenda sambamba na nafuu: asiye na kipato alisamehewa hadi asilimia 100, na mwenye kipato kidogo akapunguziwa kwa kadiri ya hali yake. Mimi naihesabu nafuu ile kuwa sehemu ya kodi yenyewe. Anayeikata anapandisha kodi ya maskini peke yao, hata akisema anabana matumizi ya serikali.

Serikali ya mseto ya David Cameron ilisema hivyohivyo, kwamba inabana matumizi. Kwenye karatasi mpango ulikuwa mwepesi kueleweka. Nafuu ya kitaifa ingefutwa. Kila halmashauri ya England ingetunga mpango wake na kuupitisha kabla ya tarehe 31 Januari 2013. Na fedha za kuugharimia zingetoka serikali kuu zikiwa zimepunguzwa kwa asilimia 10. Waziri mhusika, Eric Pickles, na wenzake walitetea kwamba madaraka yanarudi kwa wananchi, na kwamba halmashauri ikibeba gharama ya nafuu itahangaika zaidi kuwapatia watu wake kazi.

Madaraka hayo yalikuja na masharti. La kwanza, wastaafu wasiguswe. Sioni ubaya wa kumlinda mzee ambaye hawezi tena kuongeza kipato chake. Lakini hesabu haina huruma: kama nusu ya fedha za nafuu huenda kwa wastaafu, pengo la asilimia 10 lote linaangukia nusu iliyobaki, na kwao linakuwa asilimia 20. Kadiri wastaafu maskini wanavyokuwa wengi katika halmashauri, ndivyo mzigo unavyozidi kwa wasio wastaafu: wasio na kazi, wafagizi na walezi wanaolipwa kima cha chini, mama anayelea watoto peke yake. La pili, halmashauri iliyotaka kupandisha kodi ya wakazi wote kwa zaidi ya asilimia 2 mwaka huo ilitakiwa kwanza kuitisha kura ya maoni. Mwaka uliofuata fedha za nafuu zikaingizwa kwenye ruzuku ya jumla, na mwananchi hakuweza tena kuona ni kiasi gani kilichotengwa kwa ajili ya maskini wa mtaa wake.

Kuna hoja ninayoiheshimu, kwamba kila mtu achangie chochote, hata kidogo, ili naye ajione mwenye mji. Uingereza ilishaijaribu. Kodi ya kichwa ya Margaret Thatcher, iliyoanza Scotland mwaka 1989 na England na Wales mwaka 1990, ilimtaka hata maskini kabisa alipe asilimia 20. Watu waligoma kulipa, ghasia zikazuka London Machi 1990, na Novemba Thatcher akajiuzulu. Pamoja na ubaya wake, kodi ile angalau ilifidiwa kidogo katika posho za wasiojiweza. Mwaka 2013 hawakufidiwa kitu zaidi ya zile peni 70. Mchango wa kila mtu una maana pale anayechangiwa anapomwachia mchangiaji cha kula.

Haringey, halmashauri ya kaskazini mwa London yenye eneo la Tottenham, inaonyesha vizuri mpango huu ulivyotua. Kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba 2012 iliwaandikia wakazi kuomba maoni, kama sheria ilivyotaka. Barua ilieleza kwamba serikali imepunguza fedha, kwamba wastaafu wamelindwa, na kwa hiyo walio chini ya umri wa kustaafu watapunguziwa nafuu. Mkazi alichoulizwa ni mzigo huo ugawanywe vipi miongoni mwa maskini wenyewe. Hakuambiwa kwamba halmashauri ingeweza kuliziba pengo kwa kupandisha kodi kidogo, kupunguza huduma nyingine, au kutumia akiba yake. Katikati ya zoezi hilo, Oktoba, serikali ilitangaza pauni milioni 100 za mpito kwa halmashauri ambazo hazingewatoza waliokuwa wamesamehewa kabisa zaidi ya asilimia 8.5. Waliokuwa wakitoa maoni hawakuelezwa hilo pia. Januari 2013 madiwani walipitisha malipo ya karibu asilimia 20.

Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 29 Oktoba 2014 majaji walisema ukusanyaji ule wa maoni ulikuwa kinyume cha sheria. Huwezi kumwomba mtu ushauri huku umemficha njia nyingine zilizokuwapo na sababu za kuzikataa. Hukumu hiyo naiona muhimu kwa yeyote anayekaa kwenye mkutano wa kijiji au wa kata kusikiliza mradi ukiwasilishwa: wananchi wakiletewa jibu moja tu kulijadili, uamuzi ulishafanyika kabla hawajafika.

Ubaya zaidi ulikuwa kwenye ukusanyaji. Zile pauni 200 ziligawanywa kwa miezi 10, pauni 20 kila mwezi. Ukikosa mwezi mmoja unaletewa barua ya kukumbushwa na kupewa siku 7. Usipolipa, unapoteza haki ya kulipa kidogokidogo na deni lote la mwaka linadaiwa mara moja. Halafu wito wa mahakama, wenye gharama zake. Tottenham zilikuwa pauni 125. Mahakama ikishatoa amri, halmashauri inaweza kumkabidhi deni dalali wa mahakama. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2014, dalali alipokea pauni 75 kwa kufungua jalada tu, na pauni 235 nyingine akifika mlangoni. Jumlisha: aliyeshindwa kulipa pauni 200 sasa anadaiwa pauni 635, na posho yake ni ileile. Mwisho kabisa wa njia hiyo, sheria ya England iliruhusu kifungo cha hadi miezi 3.

Kasisi Paul Nicolson, mkazi wa Tottenham aliyewapigania wadaiwa kwa miaka mingi, aligoma kulipa kodi yake mwenyewe ili apelekwe mahakamani na kuhoji hizo pauni 125. Mei 2015 Mahakama Kuu ilikubaliana naye: mahakimu waliziidhinisha bila maelezo ya kutosha kuonyesha kwamba ndiyo gharama halisi.

Halmashauri zilipata nini baada ya barua, wito na madalali wote hao? Taasisi ya utafiti wa fedha za umma ya London, Institute for Fiscal Studies, ilieleza mwaka 2019 kwamba karibu robo ya kodi ya ziada waliyotwishwa maskini hao haikukusanywa ndani ya mwaka. Watu hawakuwa nayo. Mpango uliokadiria akiba ya asilimia 10 ulikuwa umehesabu fedha zilizo katika mifuko mitupu.

Na haikuwa lazima iwe hivyo. Scotland na Wales ziliziba pengo kwa fedha zao na kuendelea kusamehe hadi asilimia 100. Ndani ya England yenyewe, Durham na Tower Hamlets, ambazo si halmashauri za matajiri, ziliamua kubeba gharama na hazikumtoza asiye na kitu. Zilipokea agizo lilelile, zilikatwa asilimia ileile, zilikuwa na tarehe ileile ya mwisho. Kwa hiyo siwezi kukubali utetezi wa diwani kwamba serikali kuu ndiyo iliyoamua, wala wa waziri kwamba ni uamuzi wa halmashauri. Kila mmoja aliamua sehemu yake.

Huko Haringey, majaji hawakuamuru maoni yakusanywe upya, kwa hiyo mpango uliopatikana kinyume cha sheria ulibaki na madai yakaendelea kutumwa. Aprili 2019 halmashauri ilirudisha nafuu kamili kwa kaya zenye watoto. Mtu anayeishi peke yake, hata akiwa na miaka 60 na posho ndogo kuliko wote, aliachwa na ile asilimia 20.