Pesa Hushuka Gari Linaposimama

Mombo ndipo tunapozima kiyoyozi. Gari dogo kama letu linahitaji kila punje ya nguvu yake kupanda kilomita 32 za kona hadi Lushoto, na ukishafika Soni upepo wa bure unaushinda ule unaolipiwa mafuta. Mimi na mke wangu tulifika Mombo Ijumaa alasiri, tukitokea Dar es Salaam kwa njia ya Chalinze na Segera, mashati yamegandana na viti. Nusu saa baadaye alikuwa anavuta mtandio mabegani. Baridi hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa Lushoto, na imeuzwa kwa zaidi ya karne.

Wajerumani walipaita Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakapanda huko kukimbia joto na malaria ya pwani. Waingereza walipowarithi, gavana wao naye akawa na makazi ya mapumziko mlimani. Kwao Uingereza mtu aliyechoka hushuka baharini. Huku, ambako bahari ni jasho, walipanda mlima. Ila biashara ni ileile: mji mdogo unaoishi kwa mgeni wa siku tatu, anayelala kitanda cha kukodi, anayekula mkate na jamu, anayetembea jioni bila shughuli, kisha analipa na kuondoka.

Inafaa kuitazama miji hiyo ya pwani ya Uingereza kidogo, maana historia yake ni somo la biashara lisilo na karo. Brighton ilipata reli mwaka 1841, na London nzima ikawa na bahari ya kushinda na kurudi. Mwaka 1871 Bunge likatoa sikukuu za benki. Mwaka 1938 ikaja sheria ya likizo yenye malipo. Blackpool ikajaa wafanyakazi wa viwanda vya nguo, na wajane wenye nyumba za vyumba vinne wakawa wenye hoteli. Kisha, kuanzia miaka ya 1960, ndege za bei nafuu zikaanza kuwapeleka watu walewale Hispania, kwenye jua la uhakika. Bahari ya Blackpool haikupungua hata ndoo moja. Kilichohama ni mteja.

Lushoto ya leo ina mteja wa aina mbili. Wa kwanza ni mzungu wa begi mgongoni anayekuja kutembea msituni Magamba au vijijini na waongozaji wenyeji. Kikundi cha Friends of Usambara kimekuwa kikiwapokea kwa miaka mingi. Wa pili ni sisi: wanandoa wa mjini, warsha ya serikali, kikundi cha kanisa, maharusi wa wiki moja. Kwa mwaka 2024 nchi ilihesabu watalii wa ndani zaidi ya milioni 3.2, dhidi ya wa kigeni milioni 2.1. Mgeni wa ndani hulipa kidogo kwa kichwa, lakini ndiye anayeleta gari lake, mafuta yake na shemeji zake. Ukiongea na wahudumu wa loji utasikia wimbo mmoja: Jumamosi hakuna chumba, Jumanne mfagiaji na mbwa tu. Mshahara wa mfagiaji, hata hivyo, hauijui Jumanne.

Ndiyo maana, kwa macho yangu, wenye hoteli wazuri zaidi Usambara si wenye hoteli. Ni makanisa. Irente, karibu na ule mwamba wa kutazamia ambako nyika ya Wamasai imelala chini kama mkeka, Walutheri wana shamba linalouza jibini, jamu na mkate, na vyumba vya wageni pembeni. Sakharani, upande wa Soni, watawa Wabenedikto wanatengeneza divai na kulima makadamia, na mgeni analala hapohapo. Jumanne ikiwa tupu, jibini inaendelea kuiva. Kitanda kwao ni tawi la biashara. Shina liko shambani. Mwenye loji aliyekopa benki kujenga vyumba ishirini na baa hana shina la namna hiyo, na masika yakikata barabara ya Mombo kwa maporomoko, anakaa na riba yake.

Sisi tulilala kwenye mojawapo ya zile za kale, jina naliweka kapuni. Kuta nene, sakafu ya mbao inayolalamika, moto wa kuni sebuleni na maji ya moto yaliyoahidiwa saa kumi na mbili yakafika saa tatu. Mke wangu akasema kama angetaka ndoo angebaki kwao. Hata hivyo, asubuhi yake, chai ilipoletwa na peasi zilizochumwa uani, alikuwa wa kwanza kuuliza kama tunaweza kuongeza usiku mmoja. Uchakavu wenyewe unauzika, mradi shuka ni safi na mhudumu anakujua jina. Huo ndio ujanja ambao nyumba za Blackpool ziliishi nao kwa miaka mia.

Siku ya tatu tulishuka. Njia ya kawaida ni Mombo, Korogwe, Segera, ukiingia Tanga kwa lami tupu. Sisi tulichepuka baada ya Korogwe kwa sababu ya ukwe: mke wangu ana mama mdogo Magoma.

Magoma iko kwenye bonde la Lwengera, lile linalotenga Usambara ya Magharibi na ya Mashariki. Milima unaiona kulia na kushoto, lakini baridi yake imebaki hukohuko juu. Hapa ni vumbi jekundu, mahindi na mkonge. Shamba la mkonge la Magoma ni moja ya mashamba matano yaliyochukuliwa na kampuni ya Katani serikali ilipojitoa kwenye kilimo hicho mwishoni mwa miaka ya 1990. Mengine ni Hale, Magunga, Mwelya na Ngombezi. Kuanzia mwaka 1999 wakulima wadogo waligawiwa maeneo ndani ya mashamba hayo, wakawa wanauza majani yao kwa mpango wa pamoja, na siku hizi wamo kwenye vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, AMCOS. Mazungumzo ya kijiwe chochote hapa yatafika kwenye korona, mashine inayokwangua jani kutoa singa. Korona ikisimama, duka la mangi nalo linasimama. Na korona ina njaa: katika kila kilo mia za majani yanayoingia, singa ni kama kilo nne tu, maji na makapi ndiyo yaliyobaki.

Mama mdogo alitupikia ugali na kuku wa kienyeji, akatulaza kwenye chumba cha mwanawe aliyeko Dar, na asubuhi akatufungia mkungu wa ndizi. Nilipotaka kuacha chochote mezani alinitazama kama nimemtukana.

"Mkwe, unataka kunilipa kwangu?"

Nikaomba radhi. Lakini alipotusindikiza garini akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari, "Huko Lushoto usiku mmoja mmetoa ngapi?" Nikamtajia. Akanyamaza, akageuka kutazama kile chumba. "Kwa kitanda tu?"

Tangu hapo nimekuwa nikipiga hesabu ya safari ile. Mafuta yalikula fungu kubwa, na pesa yake haikukaa mkoani Tanga. Vitanda vikafuata, Lushoto na Tanga. Korogwe tuliacha pesa ya chakula kwenye mojawapo ya migahawa inayolisha mabasi ya Arusha. Magoma, mahali tulipokula vizuri kuliko kote na kulala usingizi mzito kuliko kote, tuliacha pesa ya soda mbili na vocha.

Wala si kwamba Magoma haina cha kumwonyesha mgeni. Mtu wa mjini aliyefunga mizigo kwa kamba ya katani maisha yake yote hajawahi kuona korona ikifanya kazi. Singa zikianikwa kwenye nyaya, nyeupe, safu kwa safu, ni picha ambayo vijana wa simu wangeipigania. Ipo na hadithi yenyewe: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, ikafika hai 62, na kutokana na hiyo nchi ikafika zaidi ya tani 230,000 za singa mwaka 1964. Kisha kamba za nailoni zikafanya kwa mkonge kile ndege za Hispania zilichofanya kwa Blackpool. Kutaifishwa kwa mashamba mwaka 1967 nako kukaongeza uzito kwenye mgongo uliokwisha kupinda.

Tanga yenyewe ni mtoto wa mkonge huo. Reli iliyoanzia bandarini mwaka 1893 ilipanda kwenye mashamba haya, na mjini zikabaki barabara pana zenye miti, Bodi ya Mkonge, na huko Raskazone hoteli inayobeba jina hilohilo, Mkonge, ikitazama ghuba. Jirani yake kuna klabu ya kuogelea ambako unalipa kiingilio, unashuka ngazi hadi majini, unapanda kula chipsi na samaki. Hapana muziki wa kupasua masikio. Wazee wawili walikuwa wanasoma gazeti moja, kila mmoja upande wake. Kama kuna mahali Afrika Mashariki panapofanana na ufukwe wa kizamani wa Kiingereza, ukiondoa mvua, ni hapo. Kusini yake Pangani inajengewa daraja la mita 525, na barabara ya lami itakayoiunganisha Tanga na Bagamoyo kwa pwani. Ikikamilika, msafiri wa Dar anayetaka bahari hatahitaji tena kupita Segera, na Segera yenyewe itapoteza sahani kadhaa za wali.

Treni ya abiria, iliyorudi kwenye njia ya kaskazini mwaka 2019, inasimama Korogwe na Mombo. Bado sijaona bango lolote kituoni linalomwambia abiria kwamba akishuka hapa ataona mkonge ukikwanguliwa.

Magoma haihitaji hoteli. Loji ya ghorofa katika bonde lile ingekuwa kaburi la mkopo. Inahitaji mtu wa AMCOS mwenye ruhusa ya kumtembeza mgeni kwenye korona kwa tiketi yenye risiti, mama wadogo watatu au wanne wenye chumba kimoja kila mmoja na bei iliyoandikwa ukutani ili aibu ya kupokea iwe ya karatasi, na pa kushukia. Msafiri wa gari dogo akiwa na mkewe husimama penye choo safi, wala hasimami penye kibao cha "Karibuni". Wanaume tunaweza kuchimba dawa popote. Anayeamua gari lisimame wapi ni yule mwingine.

Halmashauri ya Korogwe ikitaka kuanza, basi ianze na choo.