Kinga ya Sheria kwa Waandishi wa Blogu

Kwa majirani zetu wa Kenya, kama kwingineko, swali limekuwa likiulizwa: je, mwandishi wa blogu astahili kinga ya kisheria sawa na mwandishi wa gazeti?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yalinda uhuru wa vyombo vya habari katika ibara ya 34. Lakini kabla ya hapo, ibara ya 33 yampa kila mtu haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari. Kwa kuitegemea ibara hiyo, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilikifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichokuwa kimetumiwa kumshtaki mtu kwa maneno aliyoyaandika katika Facebook. Kifungu hicho, ilisema Mahakama, hakikuwa na mipaka iliyo wazi.

Hata hivyo, ibara ya 33 haimkingi mchochezi wa chuki, nayo yaamuru kuheshimu sifa za wengine. Basi haki na wajibu huandamana. Anayefichua wizi wa mali ya umma kwa ushahidi na apimwe kwa kazi yake, wala si kwa kitambulisho chake; kwani kinga itokayo kwenye kitambulisho huondoka nacho kinaponyang’anywa.