Meza Isiyo na Msumari

Meza ya kambi ya skauti haina msumari hata mmoja. Ni miti na kamba tu: nguzo nne zilizochimbiwa ardhini, miti ya kukingamia, na juu yake mianzi iliyopangwa sako kwa bako. Anayeijenga huanza kwa kufunga kamba kwenye nguzo, chini kidogo ya mahali mti wa kulala utakapokaa, kwa fundo lilelile ambalo wengi hulitumia kufungia mbuzi kwenye kigingi. Kisha huuegemeza ule mti, akaizungusha kamba mbele na nyuma ya miti yote miwili mara tatu, kila mzunguko ukilala ubavuni mwa mwenzake bila kupandana. Hadi hapo kiungo bado kinacheza. Ndipo inapofika hatua ambayo mwanafunzi mwenye haraka huiruka: kamba hupenyezwa katikati, baina ya mti na mti, ikaibana ile mizunguko ya kwanza, mara mbili au tatu, na kila mara huvutwa kwa uzito wa mwili mzima. Mizunguko hii ya pili haishiki mti wowote. Inashika kamba, na ndiyo inayokaza kila kitu. Ukiiruka, meza itapendeza asubuhi. Saa sita, sufuria ya maharage ikishawekwa juu yake, itaanza kuinama upande mmoja kama mlevi.

Nimeielezea kwa urefu kwa sababu nadhani meza hii, pamoja na karo ya kuoshea vyombo, jukwaa na daraja dogo vinavyojengwa kwa ufundi huohuo, ndiyo kazi bora anayoweza kupewa msichana wa miaka tisa au kumi na miwili katika kikosi cha Girl Guides mahali kama Ruhwa. Ruhwa ni kituo cha mpaka wa Rwanda na Burundi, katika tambarare yenye joto ya Bugarama wilayani Rusizi, nchi ya mashamba ya mpunga, ambako Kiswahili si lugha ya wageni. Huku, kama kwingineko Rwanda, zamani palikuwa na orodha ya mambo ambayo kwa mwanamke yalikuwa kirazira, yaani mwiko: kupanda juu ya paa la nyumba, kukamua ng'ombe, kupiga mluzi. Leo hakuna sheria inayomkataza, na vijana wengi huicheka miiko hiyo. Hata hivyo mwiko ukishakufa huacha mazoea. Nani hupewa kamba pale paa linapoezekwa, na nani hutumwa maji? Mtoto huyaona hayo kabla hajajua kusoma. Msichana aliyejenga kitu kikasimama, na wenzake wakakilia chakula, amepata jibu la swali ambalo hakuna aliyemuuliza.

Jambo hili lina historia yenye kejeli yake. Septemba 4, 1909, maskauti walipokusanyika Crystal Palace, London, wasichana walijitokeza na kofia zao na fimbo zao wakidai kuwa nao ni maskauti. Wala hawakuwa wachache. Maelfu walikuwa wameshajiandikisha, wengine kwa herufi za kwanza za majina ili wasijulikane. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, hakuwafukuza. Aliwapa chama chao, jina lao la Girl Guides, na dada yake Agnes awe mlezi. Kazi ya Agnes ilikuwa kuwatuliza wazazi: kuwahakikishia kwamba binti hatageuka dume. Basi tazama nani aliyepewa kazi hiyo. Agnes alifuga nyuki ndani ya nyumba, katika mzinga wa kioo. Alishona vitambaa vya maputo ya kurukia, na akapaa nayo angani pamoja na mdogo wake Baden. Kitabu cha mafunzo alichokitoa na Robert mwaka 1912 kinasisitiza sana utunzaji wa nyumba na wagonjwa, lakini beji za upishi na uuguzi zilikaa pamoja na za umeme na telegrafu. Mimi nasoma hapo mwanamke anayewaambia wazazi wanachotaka kusikia, huku mlango wa nyuma akiuacha wazi. Tatizo ni kwamba vyama vingi vilivyorithi kitabu hicho, Afrika na kwingineko, vilishika sana ile sehemu ya kutuliza wazazi.

Nitaambiwa kwamba msichana wa mpakani hana haja ya meza ya miti, ana haja ya taulo za hedhi, sabuni na kipato. Hoja hii ni nzito, na haijibiwi kwa kupuuzwa. Taulo za kufua zinazoshonwa kikosini zimewaokoa wasichana wengi na aibu. Lakini Rwanda iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo mwishoni mwa 2019, na shule zina chumba cha msichana, icyumba cy'umukobwa. Kama huduma hiyo haitoshi, na huenda haitoshi, wa kubanwa ni shule na wizara. Kikosi kinachotumia kila Jumamosi yake kuziba mapengo ya serikali kitageuka zahanati yenye skafu. Kuhusu kipato, swali langu ni la kichokozi: mtoto wa miaka kumi akiuza sabuni, nani hushika pesa? Kwenye meza hakuna cha kushikwa na mtu mzima. Mradi ukianza kuingiza faranga, watu wazima husogea karibu, na maamuzi huhama.

Hapo ndipo kiini kilipo. Uskauti hugawanya watoto katika vikundi vidogo vya watu sita hadi wanane, na kiongozi wa kila kikundi ni mtoto mwenzao. Wao ndio wanaoamua meza ikae wapi, iwe na kimo gani, nani avute kamba na nani ashike mti. Wakikosea hawahitaji mwalimu wa kuwaambia, sufuria itawaambia. Wengine husema msichana huyu tayari amechoka, nyumbani anabeba maji na mdogo wake mgongoni, na sasa mnamwongezea kazi. Ni kweli amechoka. Ila kazi za nyumbani hupangwa na mwingine na haziishi. Kesho ndoo itakuwa tupu tena. Meza ina mwisho, na ina mwenyewe.

Wapo pia watakaouliza kamba itamfikisha wapi, katika nchi ambayo tangu 2008 wanawake ni zaidi ya nusu ya wabunge wa baraza la chini. Naam, Katiba ya 2003 iliwatengea wanawake asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi, na wapiga kura wakavuka kiwango hicho. Lakini Katiba haiingii uani kwa mtoto wa miaka kumi. Mfano unaonishawishi zaidi ni wa Huye, ambako Odile Gakire Katese alianzisha mwaka 2004 kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya. Ngoma ilikuwa mali ya wanaume kwa karne nyingi. Wanawake hao hawakusubiri semina ya usawa. Walishika vijiti vya ngoma wakapiga, na watazamaji wakalazimika kubadili walichodhani wanakijua. Mkono ulitangulia, hoja ikafuata.

Pingamizi moja sina jibu lake kamili. Meza huwa na maana kambini, na kambi ni kulala nje. Mzazi wa Bugarama, awe Mwislamu au Mkatoliki, anayekataa binti yake alale nje mahali pa mpaka pasipo na ukuta, hana ushamba wowote, ameona mengi. Kambi ya mchana tu, kwenye uwanja wa shule, hupunguza hofu, lakini hupunguza na kitu kingine: usiku ndio unaomfanya mtoto ategemee alichojenga. Je, mama wawili watatu wa kijijini wakilala kambini, kikosi kitabaki cha wasichana au kitarudi kuwa cha mama zao? Na upande wa pili wa mpaka wapo Girl Guides wa Burundi, ambao wangeweza kuja na kamba zao wakajenga pamoja na wenzao wa Ruhwa. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Ukifunguliwa, nani atatia saini karatasi ya ruhusa ya watoto kumi na wawili kuvuka kwenda kujenga meza, na ataandika nini kwenye nafasi ya sababu ya safari?