Kamera ya zamani na flashi yake: Seti kamili si lazima iwe na bei kamili

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa kamera za filamu zilizotumika hukutana mara kwa mara na tangazo la namna moja: kamera, flashi yake ya asili na mkoba wa ngozi, vyote vikiuzwa pamoja kwa bei iliyo juu ya ile ya kamera peke yake. Muuzaji huita bidhaa hiyo "seti kamili". Swali la kibiashara ni kama nyongeza hiyo ya bei ina msingi.

Mfano unaofaa kuchunguzwa ni Canonet QL17 G-III ya kampuni ya Canon ya Japani, iliyoingia sokoni mwaka 1972, pamoja na flashi yake, Canolite D.

Kamera hiyo ni ya kundi linalopima umbali kwa macho. Mpigapicha akichungulia huona taswira mbili za kitu kimoja. Huzungusha pete ya lenzi hadi taswira hizo zilingane, na hapo picha huwa imelengwa sawasawa. Leica ndiyo iliyolipa kundi hili jina, lakini bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa wengi. Canon ilitafuta mnunuzi wa kipato cha kati. Canonet ya kwanza ilitoka mwaka 1961 kwa yeni 18,800, na akiba ya madukani iliisha kwa saa chache.

Kwa nini flashi ina thamani

Flashi ya kawaida ya miaka hiyo ilimtaka mpigapicha apige hesabu kila mara. Kama nguvu ya flashi ni namba 20 na mtu anayepigwa picha yuko umbali wa mita 5, basi 20 hugawanywa kwa 5, na tundu la lenzi huwekwa kwenye 4. Akisogea hatua mbili, hesabu huanza upya.

Canolite D iliondoa kazi hiyo. Ina mguso wa ziada unaokutana na mguso wa kamera, na tundu la lenzi hujipanga lenyewe kufuatana na umbali uliolengwa. Flashi nyingine hukaa pale pale na kuwaka bila tatizo, lakini hesabu hubaki kwa mpigapicha. Hivyo, kwa mtumiaji, nyongeza ya bei ina msingi pale tu mazungumzo hayo ya kamera na flashi yanapofanya kazi. Yakikatika, kinachobaki ni pambo la kabati.

Teknolojia hiyo haikukaa sana kileleni. Mwaka 1975 Konica ilileta kamera yenye flashi ndani yake, na mwaka 1977 ikaleta nyingine inayolenga yenyewe. Mwaka 1979 Canon nayo ikatoa AF35M, yenye vyote viwili. Flashi ya kubebwa pembeni ikapoteza wateja wa kawaida.

Betri iliyopotea

Hoja kubwa zaidi ni vifaa vinavyoiendesha mashine. Kipima mwanga cha kamera hii kilitengenezwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa betri ndogo za aina hiyo kwa sheria ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata. Betri ya alkali ya umbo lile lile inaingia, lakini hutoa volti 1.5, na kipimo hupotoka. Betri za hewa na zinki zinazotumika kwenye vifaa vya kusaidia kusikia hutoa volti 1.4, karibu na ile ya asili, ila maisha yake ni mafupi zikishafunguliwa.

Ikumbukwe kwamba shata ya kamera hii huendeshwa kwa springi. Inapiga hadi 1/500 ya sekunde bila betri, na flashi hukubaliana nayo kwa kasi zote. Lakini pete ya lenzi ikiwa kwenye alama A na betri imekufa, kamera hujifunga na kitufe hakishuki. Wapo wauzaji wanaotangaza kamera nzima kuwa mbovu kwa sababu hiyo tu. Mnunuzi anayejua huitoa pete kwenye A na kujaribu tena.

Ya kukagua kabla ya kulipa

Mnunuzi anashauriwa kuanza na vitu ambavyo havionekani kwenye picha ya tangazo. Afungue mgongo wa kamera na kutazama sponji nyeusi za kuzuia mwanga. Zikiwa zimegeuka utomvu, filamu itaungua. Apige shata kwa kasi ndogo, kwani mafuta yaliyoganda huifanya isite. Achungulie kuona kama taswira mbili bado zinakutana.

Kwenye flashi, afungue sehemu ya betri na kutafuta kutu. Flashi iliyolala miaka mingi inaweza kuwaka ikiwa dhaifu, au isiwake kabisa. Asikubali kuifungua mwenyewe, kwa kuwa umeme uliohifadhiwa ndani unaweza kumrusha mtu.

Anayeagiza kutoka Japani hadi Dar es Salaam au Nairobi aongeze nauli, ushuru na fundi. Filamu nayo ni gharama ya kudumu: kila picha hulipiwa filamu na kusafishwa.

Soko lenyewe bado lina uhai. Kodak iliomba kinga ya ufilisi Januari 2012, lakini filamu zenye jina lake hazikutoweka. Leica iliirudisha M6 mwaka 2022. Mwaka 2024 Ricoh ilizindua Pentax 17, kamera mpya ya filamu, kwa takriban dola 500 za Marekani. Bei hiyo inafaa kuwa kipimo: seti ya zamani ikikaribia dola 500 baada ya nauli na matengenezo, mnunuzi analipia historia zaidi ya picha.

Kanuni ya kutumia mezani ni rahisi. Panga bei kwanza kwa kamera peke yake, kana kwamba flashi haipo. Kisha omba ionyeshwe flashi ikiwaka juu ya kamera hiyo hiyo, na tundu la lenzi likibadilika pete inapozungushwa. Ikifanya hivyo, ongeza. Isipofanya, mwachie muuzaji flashi yake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.