Kabla ya kumkemea mvutaji

Ndugu aliyeacha sigara kwa miezi mitatu, kisha akairudia wiki aliyopoteza kazi, hajamdharau Mungu. Msongo wa mawazo hudhoofisha sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kujizuia, na wakati huohuo huamsha hamu. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na ubongo hausahau. (Utulivu wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni kukata kiu iliyoachwa na sigara iliyotangulia!) Eliya alipochoka hadi kuomba afe, katika 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na mahubiri. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale tena. Wazee wa kanisa, mkimtembelea ndugu huyo, muulizeni kwanza kama amelala na amekula. Hamu ikipanda, kaeni naye. Mara nyingi hupungua baada ya dakika chache.