Je, Wajua? Simu Inatoka Vizuri, Kuingia Haiingii

Je, wajua kwamba ule mlio wa "tuuu" unaousikia ukiinua mkonga hautoki kwenye kampuni ya simu? Unatengenezwa na kisanduku chenyewe, kile kinachounganisha simu ya mezani na intaneti. Kwa hiyo mlio huo si uthibitisho kwamba mnapatikana: nyumba ya Kasongo, mkoani Maniema, yenye intaneti ya satelaiti inaweza kupiga Bukavu na Lubumbashi bila shida yoyote, huku ndugu walioko Brussels wakilalamika kwamba hampatikani.

Je, wajua kwamba kwa kisanduku hicho kupiga ni kazi moja na kupigiwa ni nyingine kabisa? Ukipiga, wewe ndiye unayebisha hodi kwenye seva ya kampuni ya simu. Ukipigiwa, seva ndiyo inayokutafuta, nayo haikupati kama haijui uliko. Kwa hiyo kisanduku hujisajili kwake tena na tena. Vingi hutoka kiwandani vimepangwa kujisajili kila baada ya sekunde 3600, yaani saa nzima. Katikati ya saa hiyo mambo mengi hutokea.

Kubwa kuliko yote ni mlango wa ruta. Kisanduku kikituma ujumbe nje, ruta hufungua kinjia cha majibu, na kisipopita kitu inakifunga. Ruta nyingine husubiri sekunde 30 tu, nyingine dakika chache. Hesabu mwenyewe: usajili unadumu saa moja, kinjia kinakufa ndani ya dakika chache. Seva inaamini upo, inatuma wito, wito unagonga ukuta. Aliyekupigia anasikia kimya au anaambiwa hupatikani, na kwako hakuna hata mlio mmoja.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji fundi. Zima kisanduku, kiwashe, ngoja taa ya simu itulie, kisha mwombe mtu wa Kindu akupigie papo hapo. Simu ikiita, msiguse kitu kwa dakika kumi, mkonga msiuinue, halafu apige tena. Ikiwa mara ya kwanza imeita na mara ya pili haikuita, mgonjwa ni kile kinjia. Mimi ningeanza na kipimo hiki kabla ya kununua kitu chochote kipya, maana visanduku vizima hutupwa bure kwa kosa la ruta.

Dawa? Ingia kwenye mipangilio, amuru kisanduku kitume ujumbe mdogo wa kushika njia kila sekunde 20 au 30, na punguza muda wa usajili uwe dakika chache. Anayetumia modemu ya laini ya simu asiogope kumaliza kifurushi: ujumbe mdogo kabisa wa aina hiyo, pamoja na anwani zake, una baiti 32. Ukitumwa kila sekunde 30 ni mara 2880 kwa siku, na zote hazifiki kilobaiti 100.

Je, wajua kwamba Starlink, kampuni ya intaneti ya satelaiti iliyopigwa marufuku Kongo Machi 2024 na kupewa leseni Mei 2025, kwa kawaida haikupi anwani ya intaneti ya peke yako? Akiba kuu ya dunia ya anwani za zamani iliisha Februari 2011, na tangu hapo wateja wengi wanagawana anwani moja. Fungua ukurasa wa ruta utazame: anwani ikianza na 100.64 hadi 100.127, uko ndani ya mgawo huo. Hapo kufungua milango kwenye ruta yako ni kazi bure, kwa sababu kuna ruta nyingine ya kampuni mbele yako. Kinachosaidia ni ule ujumbe wa kushika njia.

Ruta nyingi pia zina kipengele kiitwacho SIP ALG. Kinadai kusaidia simu za intaneti, na mara nyingi ndicho kinachoziharibu. Kizime.

Wenye pano za jua wana balaa lao. Batri ikiisha usiku na umeme ukarudi asubuhi, kisanduku huwaka haraka kuliko antena. Kinajaribu kujisajili, kinakosa, na vingine hupumzika hadi dakika 20 kabla ya kujaribu tena. Washa antena kwanza, kisha ruta, kisanduku kiwe cha mwisho. Waliozoea redio ya foni watalielewa hili upesi: chombo kisipokuwa hewani, anayekuita anaita bure.

Je, wajua kwamba ukigusa *78 kwenye visanduku vingi unazuia simu zote zinazoingia? Mtoto akichezea vitufe, imetosha. Mara nyingi *79 huondoa zuio hilo.

Je, wajua kwamba mtu aliyekasirishwa na simu zisizoingia ndiye aliyebuni kituo cha simu kinachojiendesha? Almon Strowger, mzishi wa Kansas City, aliamini kwamba opereta anawapeleka wateja wake kwa mshindani. Alipata hataza ya mtambo wake Machi 1891, wakati Kasongo bado ulikuwa mji wa Waungwana, miaka miwili kabla kamanda Mbelgiji Dhanis hajauteka.

Simu inaita ila sauti inasikika upande mmoja tu? Usajili ni mzima. Sauti hupita njia yake nyingine, na hiyo ndiyo iliyozibwa.

La mwisho ni saa. Kampuni nyingine hukuruhusu kupanga saa za kimya usiku. Maniema iko saa moja mbele ya Kinshasa, hivyo ukipanga simu ianze kuita saa kumi na mbili asubuhi na mfumo ukafuata saa za Kinshasa, Kasongo na Kabambare haitaita hadi saa moja.